Azariah Peaslee, Marehemu kwa Amri ya Mahakama

Wasikilizaji wapendwa, vueni kofia. Mliopo bafuni, simameni wima tu, inatosha.

Leo, hapa redio ya shule yetu, tunamkumbuka Azariah Peaslee, wakili na mwandishi wa hapa Wendham, New Hampshire. Narudia, Azariah Peaslee, wakili na mwandishi. Alizaliwa mwaka 1817 kwenye shamba la Kilima cha Peaslee, maili kumi na moja kutoka hapa mjini. Alisoma katika shule hii hii. Alifanya kazi ya sheria kwa miaka arobaini. Alifariki mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amechoka.

Wengi wenu mnamjua kwa picha. Ni yule bwana mwenye ndevu za mashavuni aliyetundikwa bwaloni, juu ya pipa la maziwa. Mwaka juzi alikutwa amechorewa miwani. Uchunguzi wa tukio hilo unaendelea, na kituo hiki hakina la kuongeza.

Kwanza tumweleze alivyokuwa. Azariah Peaslee alikuwa mtu wa taazia. Akifa mtu mkubwa wilayani, anaitwa Azariah. Anapanda jukwaani na koti jeusi, anakohoa mara mbili, anaanza. Saa mbili baadaye anamaliza. Wakati ule watu walipenda hivyo. Hotuba ya nusu saa ilionekana dharau kwa marehemu, na mjane alikuwa na haki ya kununa. Azariah aliandika taazia mia mbili na kumi na moja. Mia mbili na kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Aliandika pia tenzi za sherehe, hotuba za Julai Nne, sikukuu ya uhuru, na shairi la kuzindua bomba la maji pale uwanjani, lenye beti kumi na nne. Gazeti la siku ile linasema bomba lilikauka kwenye ubeti wa tisa.

Alikuwa bora kuliko wote. Hilo tuliseme bila mzaha. Watu walikuja na mito ya kukalia na vikapu vya chakula, wakalia, wakarudi nyumbani wameridhika. Lakini mtu akifanya jambo moja mara mia mbili na kumi na moja, mkono unaanza kwenda wenyewe. Daftari lake la mwaka 1880 lina mstari huu: "Nimechoka na sauti yangu. Nikishika kalamu linatoka koti jeusi."

Azariah hakuoa. Aliishi nyumba ya Mtaa wa Kanisa na dada yake, Tirzah Colcord, mjane, aliyemzidi miaka minne. Tirzah alipika, alifua, alifukuza wageni. Kila Jumamosi alioka maharage kwenye chungu, maharage yale yale ambayo sisi bado tunalishwa, na baadhi yetu tunaamini ni chungu kile kile.

Na palikuwa na wa tatu. Kati ya Tirzah na Azariah alizaliwa Jotham. Jotham Peaslee, kaka mtu. Huyu hakusoma sana. Alibaki shambani na baba yao, akalima, akakamua, akaokota mawe ya mashamba na kujenga kuta. Alifariki mwaka 1854 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka thelathini na tisa. Hakuwahi kupanda treni. Hakuna picha yake. Hakuna taazia yake.

Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Mwaka 1880, wakati majani ya miti yanageuka rangi, daktari alikuja kumtazama Tirzah. Moyo wake ulikuwa umevimba, na macho yalikuwa yanazibwa na mtoto wa jicho. Daktari alimweleza Azariah wakiwa barazani kwamba bibi ataumaliza msimu wa baridi, na pengine atauona wakati wa joto unaofuata. Baada ya hapo asitegemee. Tirzah alikuwa nyuma ya mlango. Macho yake yalikuwa mabovu lakini masikio yalikuwa mazima.

Siku ile wakati wa chai alimwambia mdogo wake maneno ambayo mwana wa Tirzah aliyaandika baadaye, na ndiyo sababu tunayo. "Umewaandikia watu mia mbili na kumi, Azariah. Nimewahesabu, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga pasi mashati. Jotham hayumo."

Azariah akajibu kwamba alikuwa anakusudia.

"Umekusudia miaka ishirini na sita. Mimi nataka kumsikia kabla sijafa. Nikishakufa hainisaidii kitu."

Basi hilo ndilo deni la moyo alilokuwa nalo. Kuandika maisha ya Jotham, na kuyamaliza dada yake akiwa hai ayasikie.

Akaanza. Alikuwa fundi, kwa hiyo kurasa za kwanza zilikuwa tayari kwa siku mbili. Akamsomea Tirzah jikoni. Ndani yake palikuwa na nguzo ya wilaya. Palikuwa na taa iliyozimika mapema. Palikuwa na mwaloni, na dhoruba, na mwaloni tena. Tirzah alisikiliza akimenya tufaha zima.

"Huyo ni nani?" akauliza mwishoni.

"Jotham, dada."

"Huyo ni jaji mstaafu. Jotham alikuwa akinuka zizi na akikoroma kanisani. Mrudishe huyo bwana alikotoka, uniletee kaka yako."

Akaandika upya. Akatoka seneta. Akaandika tena. Safari hii, kwa maneno ya Tirzah, alitoka askofu. Na katikati ya haya watu walikuwa wakigonga mlango. Mwenyekiti wa kamati ya daraja jipya anataka hotuba. Wazima moto wanataka utenzi. Mfanyabiashara wa mbao amefariki, familia inataka saa mbili kamili na Kilatini kidogo. Azariah hakujua kusema hapana. Alikwenda, akakohoa mara mbili, akaanza. Krismasi ikapita. Januari ikapita. Tirzah sasa alikuwa anajua kikombe kwa kukipapasa.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunaingia mahakamani. Naomba mkae vizuri, maana hapa watu wengi hudhani tunatania.

Mawakili wa wilaya yetu walikuwa na desturi, na wanayo hadi leo. Wakili akifa, wenzake hukutana mbele ya jaji. Husimama. Karani husoma maazimio ya rambirambi. Jaji huuliza wanaokubali waseme ndiyo. Wanasema ndiyo. Jaji anaamuru maazimio yaingizwe katika kumbukumbu za mahakama, kisha mahakama inafungwa kwa heshima ya marehemu na kila mtu anakwenda kula.

Mwandishi wa maazimio hayo alikuwa nani? Azariah Peaslee. Na kwa kuwa alikuwa amechoka kuitwa ghafla kila wakili alipoaga dunia, alibuni njia ya kazi. Aliwaandikia wote mapema, wangali hai. Mawakili kumi na tisa wa wilaya, maazimio kumi na tisa, nafasi ya tarehe ikiachwa wazi, yote katika droo ya karani wa mahakama, Bwana Hosea Tibbetts. Aliandika na ya kwake mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mwingine.

Mwanzoni mwa Februari 1881 akafa wakili Dudley Frisbie, mtu wa bunduki na mbwa, baba wa watoto watano. Wenzake walikutana siku ya mwisho ya kikao cha Februari. Mahakama ilikuwa baridi kiasi cha wino kuganda. Karani Tibbetts akavuta droo, akachukua karatasi iliyokuwa juu, akajaza tarehe, akasimama, akasoma.

Karatasi iliyokuwa juu ilikuwa ya Azariah. Ilikuwa juu kwa sababu wiki iliyotangulia alikuja kuirekebisha. Hakuridhika na aya ya tatu.

Jina lilitajwa mara moja, mwanzoni, wakati viti vinasogezwa. Baada ya hapo yalikuwa ni yale yale. Msomi. Nguzo. Taa. Mawakili kumi na wanane walisimama vichwa chini wakiwaza chakula. Walikuwa wamesikia maneno hayo miaka arobaini, na hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Wala karani aliyekuwa anasoma hakuwa anasikiliza. Jaji Orrin Wadleigh alikuwa amefumba macho. Jaji akauliza wanaokubali waseme ndiyo.

Wakasema ndiyo. Na Azariah Peaslee, aliyekuwa amesimama karibu na jiko la kuni, akasema ndiyo.

Ikaingizwa katika kumbukumbu. Azariah Peaslee, marehemu. Kikao kikafungwa.

Aliyegundua ni mjane. Siku tano baadaye Bibi Frisbie alifika ofisini kwa Azariah, juu ya duka la matandiko ya farasi, akiwa na nakala rasmi yenye utepe, ulioangukia mstari wa jina. Alikuwa mwanamke wa heshima na alikuwa amevaa nguo mpya nyeusi za msiba. Akaiweka mezani.

"Bwana Peaslee, nimekuja kwa hili. Hapa pameandikwa kwamba mume wangu hakuoa."

Azariah akasema haiwezekani.

"Na mimi nilisema hivyo. Nimemzalia watoto watano. Tena imeandikwa alipenda vitabu vya Kilatini kuliko jamii ya watu. Dudley? Dudley hata ratiba ya treni alisomewa."

Azariah akavaa miwani. Akaisoma karatasi polepole. Alizitambua koma zake kabla ya kulitambua jina lake.

Jambo likapelekwa ofisini kwa jaji siku ile ile. Tunayo habari kamili kwa sababu Bwana Tibbetts, maskini, aliandika kila kitu akijua atalaumiwa. Jaji alimuuliza Azariah kama alikuwepo mahakamani. Alikuwepo. Je, alisimama? Alisimama.

"Na ulipiga kura?"

"Nilisema ndiyo, mheshimiwa."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Jaji akalifunga daftari la kumbukumbu. Kisha akaeleza sheria, na wakili aliijua vizuri kuliko yeye. Kikao kimefungwa. Kumbukumbu za kikao kilichofungwa haziguswi na karani, haziguswi na jaji, wala haziguswi na mjane. Zinaguswa kwa ombi la maandishi la mhusika mwenyewe. Mhusika hapa ni marehemu. Tibbetts alikuwa ameshaliandika ombi, mistari minne. Lilihitaji saini tu.

"Tia saini hapo, wakili msomi," jaji akasema, "nikufufue, twende tukale."

Azariah akaishika kalamu. Tibbetts anasema aliishika kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini na kuuliza kama kuna ukomo wa kuwasilisha ombi. Jaji akasema hakuna, ila kikao kijacho ni Septemba.

"Basi nitafikiria hadi Septemba."

"Unafikiria nini, Azariah? Umekufa. Marehemu hawezi kusimama mbele yangu."

"Najua, mheshimiwa. Nimesimama miaka arobaini. Naomba nikae."

Akalikunja ombi, akalitia mfukoni, akaenda nyumbani kumwambia dada yake kwamba amefariki. Tirzah alimuuliza kama atakula.

Wasikilizaji wapendwa, kuna miji ambayo jambo hili lingechekwa likaisha. Hapa Wendham kumbukumbu za mahakama ni kumbukumbu za mahakama. Habari ilienea kwa siku moja, na watu wakaipokea kama ilivyo. Walimwona Azariah akinunua wino, wakamwamkia. Lakini hakuna aliyemwomba hotuba. Mtu utamwombaje hotuba marehemu? Mwezi Mei ilikuja kamati ya Julai Nne, mabwana watatu wenye saa za mnyororo, na Tirzah akawafungulia mlango. Wakamtaka mdogo wake.

"Amefariki," Tirzah akasema. "Nendeni mahakamani mkasome."

Kupitia dirishani walimwona Azariah mezani, kalamu mkononi. Wakavua kofia, wakatoa pole, wakaondoka.

Kwa hiyo sasa muda alikuwa nao. Februari hadi Septemba. Jotham bado hakuja kwenye karatasi. Azariah aliandika Machi yote, na alichopata ni koti jeusi lile lile. Tirzah alikuwa hawezi tena kusoma hata herufi za gazeti, na miguu yake ilikuwa imeanza kujaa maji. Alisomewa kila kilichoandikwa na alikikataa kila kilichosomwa. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Si yeye," na kuomba blanketi.

Aprili, barabara zote zikiwa matope, alimuuliza mdogo wake swali.

"Jotham alikuwa akila nini asubuhi?"

Azariah akafikiri. "Pai?"

"Pai ulikuwa ukila wewe."

Akafikiri tena. Aliondoka shambani akiwa na miaka kumi na minne, akaletwa kwenye shule hii, na tangu hapo alirudi kwa sikukuu. Alijua kuandika kuhusu watu mia mbili na kumi na moja asiowajua, na wa mia mbili na kumi na mbili alikuwa kaka yake, naye pia hakumjua. Hakuwa na cha kuandika. Tirzah ndiye aliyekuwa nacho chote, na Tirzah alikuwa anakwisha.

Hapo alifanya kitu ambacho mwandishi asingekifanya, ila wakili aliyechoka hukifanya bila kufikiri. Alichukua karatasi ndefu ya ofisini. Akaandika juu yake: "Maelezo ya shahidi Tirzah Colcord, mjane, umri miaka sitini na nane, aliyeapa kusema kweli."

Mnajua taratibu za maelezo ya shahidi, au hamjui, nitawaambia. Wakili anauliza. Shahidi anajibu. Kinachoandikwa ni alichosema shahidi, kama alivyosema. Wakili haruhusiwi kuongeza lake, wala kupamba, wala kumsaidia. Mwisho shahidi anasomewa yote, anasahihisha, anatia saini. Azariah aliandika maelezo ya namna hiyo maisha yake yote, kuhusu mipaka ya mashamba na ng'ombe waliovuka uzio, na hakuwahi kufikiri kwamba ni kuandika.

Tumeruhusiwa kusoma mistari michache.

Swali: Alikula nini asubuhi? Jibu: Viazi vya jana, akiwa amesimama. Hakutaka kukaa na viatu vya zizini. Swali: Alikuwa msemaji? Jibu: Kwa maksai. Walimjibu zaidi yetu. Swali: Kuta alizijenga vipi? Jibu: Jiwe moja juu ya mawili, mawili juu ya moja. Akikosea alibomoa hadi chini na hakumlaumu mtu. Swali: Aliwahi kutaka kusoma? Jibu: Alimsomea baba barua zako zote, kwa sababu baba hakujua kusoma maandishi ya mkono. Alizijua kwa moyo. Alizisoma tena kwa maksai.

Na hili, ukurasa wa thelathini. Swali: Alipata kusikia hotuba yoyote ya mdogo wake? Jibu: Moja. Ya kwanza, Julai Nne, mwaka 1843. Alitembea maili kumi na moja. Alisimama nyuma kabisa, kwenye miti, kwa sababu ya viatu. Aliondoka kabla haijaisha, akawahi kukamua. Swali: Alisema nini? Jibu: Alisema ni nzuri sana, ila ni ndefu.

Azariah hakulijua hilo. Daftari lake la mwaka 1843 linalo lalamiko la ukurasa mzima kwamba kaka yake hakuona haja ya kuja.

Waliendelea hivyo Mei, Juni na Julai. Kila alasiri kidogo, kadiri pumzi ya Tirzah ilivyoruhusu. Siku nyingine ni maswali matatu. Siku nyingine alilala katikati ya jibu, na Azariah alisubiri kalamu ikiwa juu. Hakumalizia sentensi ya mtu. Katikati ya Agosti walifika mwaka 1854. Homa. Siku sita kitandani. Kisha swali ambalo wakili yeyote angeliuliza, na huyu hakuweza kuliepuka, kwa sababu utaratibu ni utaratibu.

Swali: Siku ya mazishi, nani alizungumza?

Nawaomba mjue kwanza jambo moja. Siku ile ya Mei 1854, Azariah alikuwa mji mkuu wa jimbo. Alikuwa amekubali kutoa taazia ya mkurugenzi wa reli, kabla habari ya Jotham haijamfikia. Alipiga hesabu kwamba atayawahi yote mawili. Hotuba saa nne asubuhi, treni saa sita, mazishi ya kaka yake saa nane. Akatuma ujumbe wamsubiri. Hotuba ilichukua saa mbili na dakika ishirini. Familia ya mkurugenzi ilifurahi sana. Treni iliondoka kwa wakati wake. Alifika shambani kesho yake, na kwa miaka ishirini na saba yeye na dada yake hawakulizungumza.

Jibu: Hakuna. Mchungaji alisema sala. Watu walikuulizia. Tulisubiri hadi saa kumi. Kisha ng'ombe walihitaji kukamuliwa, na hapakuwa na Jotham wa kuwakamua, tukamzika.

Ndivyo ilivyoandikwa. Maneno yale yale.

Ilibaki kumsomea shahidi. Kurasa sitini na moja, alasiri mbili. Tirzah alikuwa kitandani kando ya dirisha, macho yamefunguka lakini hayaoni. Alisikiliza viazi. Alisikiliza maksai. Mwanawe, aliyekuwa mlangoni, anasema mama yake alicheka mara nne, na mara moja alisema, "Ee, huyo ndiye." Azariah akafika ukurasa wa mwisho. Akasoma swali. Akasoma jibu. Tulisubiri hadi saa kumi. Kisha ng'ombe walihitaji kukamuliwa, na hapakuwa na Jotham wa kuwakamua, tukamzika. Kisha akaendelea kusoma: "Mdogo wa marehemu alizuiwa na majukumu mazito ya umma."

Tirzah akageuza kichwa.

"Hiyo sikuisema," akasema.

Azariah akaiweka karatasi magotini. Miaka arobaini ya kazi, na alikuwa ameingiza sentensi yake moja tu.

"Hapana, dada. Hukuisema."

"Basi itoe."

Akaikata kwa mstari mmoja wa wino, akaandika herufi za jina lake pembeni, kama sheria inavyotaka. Mstari upo. Sentensi bado inasomeka chini yake. Akamshika dada yake mkono, akauweka mahali pa saini, na Tirzah akaandika jina lake lote.

Tirzah Colcord alifariki tarehe mbili Septemba 1881, saa tatu asubuhi, kitandani kwake. Alikuwa amemsikia Jotham.

Kanisani watu walijaa. Marehemu au si marehemu, walijua Azariah atazungumza, na walikuja na mito na vikapu. Alisimama. Hakukohoa. Akasema, "Dada yangu aliniambia kweli, nami niliiandika." Akakaa. Gazeti linaripoti kwamba watu waliendelea kukaa kwa muda, wakingoja iliyobaki.

Kikao cha Septemba kilifunguliwa wiki iliyofuata. Ombi la mistari minne halikuwasilishwa. Halikuwasilishwa mwaka uliofuata pia. Azariah Peaslee alifariki mara ya pili tarehe kumi na tisa Novemba 1883. Bwana Tibbetts alifungua kumbukumbu, akakuta shauri limeshaamuliwa, na mahakama haiombolezi mtu mmoja mara mbili. Siku ile jaji alisikiliza kesi ya mbwa hadi jioni. Hakuna aliyesimama.

Ndiyo maana kituo hiki, baada ya kutafakari kwa kina na kwa kukosa ratiba nyingine ya Alhamisi, kimeona kitoe pole. Tulikwenda kuitoa kwa mdomo, tukiwa na tai shingoni, kwa Bi Constance Colcord, kilembwe wa Tirzah, anayeendesha gari la kuondoa theluji hapa mjini. Zile kurasa sitini na moja anazo yeye, kwenye droo ya jikoni. Tulimwambia tumekuja kwa ajili ya msiba wa babu yao Azariah. Akatutazama.

"Mmechelewa," akasema. "Ingieni. Viatu nje."

Tulimuuliza kitabu hicho kinahusu nini. Akasema, "Hakuna kitu mle. Mtu anaamka, anakula amesimama, anajenga ukuta, anakufa. Nimekisoma mara tisa." Tulimuuliza kwa nini hakijachapishwa. Akasema hakuna aliyewahi kuja kukiomba bila kutaka kuongeza dibaji.

Basi habari hizi ziwafikie Bi Constance Colcord popote alipo barabarani, wanawe na wajukuu wake, na ukoo wote wa Peaslee, walio hai na walioingizwa katika kumbukumbu. Poleni sana. Tunasema kwa dhati, na hatutanii.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kuna mtu kwenu ambaye mnakusudia kumsemea vizuri siku moja. Msimwandalie hotuba. Kaeni na anayemjua, ulizeni, andikeni anavyojibu. Kisha msomeeni mlichoandika, taratibu, hadi mwisho. Na akisema, "Hiyo sikuisema," msibishane naye.